Kukosa, Kuacha na Kukataa: Mlo Usio na Nyama katika Jamii ya Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Aghalabu methali hii hufafanuliwa darasani kuwa inasifu baraka ziletwazo na mgeni. Nyumbani, hata hivyo, baraka hiyo ina sura mahususi. Jogoo aliyekuwa akiringa uani hukamatwa, au mbuzi hufungwa chini ya mti, nao watoto ambao hawajaonja mchuzi kwa majuma kadhaa hungoja mgeni ashibe ili wapate fungu lao. Mwenyeji hupona kwa sababu mgeni amempa kisingizio cha kuchinja. Je, hutokea nini mgeni huyo anapotamka kwa adabu kuwa yeye hali nyama?

Swali hili si la kubuni. Katika miji na vyuo vikuu vya Kenya wamo watu walioamua kuacha nyama kabisa, au kuila kwa nadra sana, na kuutegemeza mlo wao kwa nafaka, kunde, mboga na matunda. Baadhi yao wamesukumwa na afya, wengine na imani ya dini, wengine na huruma kwa wanyama, na wengine na hofu ya uharibifu wa mazingira. Uamuzi wenyewe ni wa mtu binafsi, lakini matokeo yake hayaishii kinywani mwake. Humgusa mama apikaye, mwenyeji achinjaye na ukoo ugawanao mafungu.

Makala haya yanadhamiria kuueleza uamuzi huo kwa kuongozwa na vitenzi vitatu vya Kiswahili: kukosa, kuacha na kukataa. Anayekosa nyama hana uwezo wa kuipata. Anayeiacha anao uwezo lakini amechagua vingine. Anayeikataa amenyoshewa mkono wa mtu, naye akaurudisha mkono huo ulivyokuja. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba vitenzi hivi huchanganywa katika maisha ya kila siku, na mchanganyiko huo ndio chanzo cha madhara mengi. Aliyeacha huonwa kuwa amekosa, au hushtakiwa kuwa amekataa. Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe asipotanabahi, huenda akaacha kwa namna isiyotofautiana hata kidogo na kukosa.

Nyama na Kitoweo katika Msamiati

Kabla ya kuvijadili vitenzi hivyo, ni muhimu kuyatazama majina ya vyakula vyenyewe, kwani lugha huhifadhi kumbukumbu ya meza.

Neno nyama ni la kale. Wanaisimu linganishi wamelirejesha hadi katika lugha mame ya Kibantu, ambamo lilibeba maana ya mnyama na ya nyama yake kwa pamoja. Kiswahili kimezitenga maana hizo kwa kiambishi tu: mnyama ndiye aliye hai, nyama ndicho kinachobaki baada ya kisu. Wakikuyu nao husema nyamũ kwa mnyama na nyama kwa kinacholiwa. Hali ni tofauti katika Kiingereza. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka wa 1066, lugha hiyo ilipokea maneno ya Kifaransa ya kuvitaja vyakula vya mezani, hata ng'ombe wa zizini akawa na jina lake na nyama yake sahanini ikawa na jina jingine. Mswahili hana pazia hilo. Asemapo nyama ya ng'ombe au nyama ya mbuzi, humtaja mnyama waziwazi. Kwa hivyo, anayeacha nyama kwa sababu ya huruma halazimiki kuizulia hoja yake lugha mpya, kwa kuwa lugha aliyorithi haijamficha chochote.

Neno la pili ni kitoweo. Limetokana na kitenzi towea, yaani kula chakula kikuu pamoja na kitu cha kukiambatisha ili kishuke na kiwe na ladha. Chakula ni ugali, wali, muhogo au ndizi. Samaki, nyama, maharagwe na mchicha ni vitoweo. Nchini Tanzania neno mboga hutumika kwa upana uo huo, hivi kwamba mtu huweza kusema kuwa mboga ya leo ni nyama, na anapotaka kutaja mchicha au kisamvu hulazimika kusema mboga za majani. Nchini Kenya neno hilo limefinywa likabaki na maana ya majani na mazao ya bustani tu. Hata hivyo, muundo wa msamiati ni ule ule: kinachoshibisha hutoka shambani, na nyama huja kukisindikiza.

Jambo la tatu ni kufinywa kwa neno nyama lenyewe. Katika mikahawa mingi ya Kenya mhudumu huuliza iwapo mteja atakula nyama, kuku au samaki, kana kwamba kuku na samaki hawana nyama. Mteja asemaye kuwa hali nyama huletewa kuku kwa nia njema kabisa. Mhudumu hajakosea, maana ameufuata mpaka wa maana unaotumiwa na jamii yake. Mtu aliyeamua kubadilisha mlo atagundua mapema kuwa sentensi moja fupi haitoshi kumweleza mwenzake anachokila na asichokila.

Mwisho, nyama hubeba hadhi. Maneno matamu ya kubembeleza huitwa nyama ya ulimi, na faida nono huitwa mnofu. Kwa upande wa pili, mboga inayoliwa zaidi mijini nchini Kenya imepewa jina sukuma wiki, yaani chakula cha kumfikisha mtu mwisho wa juma wakati mfuko umetoboka. Jina hilo limeuweka ukosefu ndani ya sufuria. Anayekula sukuma wiki kwa hiari hudhaniwa kuwa bado hajalipwa mshahara.

Kukosa

Dhana kwamba mlo wa mimea ni mlo wa wanyonge ina historia ndefu nchini Kenya, na sehemu ya historia hiyo iliandikwa na wanasayansi wa enzi ya ukoloni. Mnamo mwaka wa 1931, John Boyd Orr, ambaye baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, alishirikiana na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba nchini Kenya, kuchapisha ripoti iliyolinganisha afya ya Wamaasai na ya Wakikuyu. Wamaasai walitegemea maziwa, nyama na damu. Wakikuyu walitegemea nafaka, viazi na kunde. Ripoti ilionyesha kuwa wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu na wazito zaidi, ilhali miongoni mwa Wakikuyu kulikuwa na upungufu mwingi zaidi wa damu na kasoro za mifupa.

Ripoti hiyo iliweza kusomwa kama hukumu dhidi ya mlo wa mimea. Hata hivyo, ndani yake mlikuwemo ushahidi mwingine: wanawake wa Kikuyu, ambao walikula mboga za majani zaidi ya waume zao, walikuwa na afya bora kuwaliko. Isitoshe, wanahistoria waliourejelea utafiti huo baadaye, akiwemo Cynthia Brantley, wamebainisha kuwa Wakikuyu waliopimwa walikuwa tayari wamebanwa na mabadiliko ya kikoloni, miongoni mwao kupungua kwa ardhi na kazi za kibarua. Kilichopimwa, basi, hakikuwa mlo wa mimea katika ukamilifu wake. Kilikuwa mlo uliopunguzwa na hali ya maisha.

Utafiti wa pili uko karibu zaidi na wakati wetu na unastahili kuzingatiwa kwa makini na yeyote anayetaka kuacha nyama. Kati ya mwaka wa 1998 na 2000, Charlotte Neumann, Nimrod Bwibo na wenzao waliwachunguza watoto wa shule 12 za msingi katika eneo la Kyeni, Embu. Kundi moja la watoto lilipewa githeri iliyotiwa nyama, la pili likapewa githeri na maziwa, la tatu likapewa githeri iliyoongezwa mafuta, na la nne halikupewa chakula shuleni. Watoto waliokula githeri yenye nyama ndio waliopiga hatua kubwa zaidi katika jaribio la kufikiri na katika ukuaji wa misuli, na walionekana wachangamfu zaidi uwanjani. Aidha, ilibainika kuwa watoto wengi walipungukiwa na vitamini B12, na kwamba nyama na maziwa viliurekebisha upungufu huo.

Matokeo haya hayapaswi kufichwa na wapenzi wa mlo wa mimea. Yanaeleza kinachompata mtoto ambaye mlo wake una mahindi mengi na vingine haba, kwa sababu wazazi wake hawana njia ya kupata zaidi. Kipande cha nyama kwa mtoto huyo ni tiba. Kumhubiria fadhila za kuacha nyama mtu ambaye hajawahi kuipata ya kutosha ni kumdhihaki. Ndiyo maana tofauti kati ya kukosa na kuacha haina budi kusisitizwa.

Kuacha

Kuacha huanza na sababu. Kwa upande wa afya, mwezi wa Oktoba mwaka wa 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani, liliiweka nyama iliyosindikwa, kama vile soseji na bekoni, katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kusababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vitu vinavyoelekea kuisababisha. Shirika hilo lilikadiria kuwa kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Takwimu hii hufasiriwa visivyo mara nyingi. Haimaanishi kuwa watu 18 kati ya 100 wataugua. Maana yake ni kwamba hatari ambayo mtu alikuwa nayo tangu awali, ambayo kwa kawaida ni ndogo, huongezeka kwa kiwango hicho.

Kwa upande wa mazingira, Shirika la Chakula na Kilimo lilikadiria mwaka wa 2013 kuwa ufugaji ulichangia asilimia 14.5 ya gesi za kuongeza joto duniani zinazotokana na shughuli za binadamu, na makadirio yake ya mwaka wa 2023 yakawa takriban asilimia 12. Ama kwa upande wa dini, Wajaini na Wahindu wengi walioishi Nairobi na Mombasa kwa vizazi kadhaa hawali nyama, na jirani zao wamejifunza kutoka kwao kupenda dengu na bajia. Miongoni mwa Waadventista Wasabato pia, mafundisho ya afya yamewafanya wengi kupunguza nyama au kuiacha.

Sababu njema, hata hivyo, haishibishi. Kuacha kwa kweli ni kuacha kimoja na kushika kingine. Mwanafunzi anayeondoa nyama kwenye sahani yake akabakiwa na ugali na sukuma wiki, asubuhi akanywa chai na mkate, hajaacha nyama. Ameikosa kwa hiari yake. Mambo manne yanapaswa kuzingatiwa.

La kwanza ni protini. Mahindi yana upungufu wa baadhi ya asidi amino zinazohitajiwa na mwili, hasa lisini, ilhali maharagwe yana lisini ya kutosha lakini yamepungukiwa na methionini. Viwili hivi vikiliwa pamoja hukamilishana. Githeri ya Wakikuyu, muthokoi wa Wakamba, nyoyo ya Waluo na makande ya Tanzania ni vyakula vilivyoligundua jambo hili kabla ya maabara kulithibitisha. Vivyo hivyo mbaazi za nazi za pwani zinazoliwa kwa mahamri, na ndengu zinazoliwa kwa chapati. Ni sharti kunde ziwe nyingi za kutosha. Punje chache za maharagwe zinazoelea kwenye mahindi hazitoshi.

La pili ni madini ya chuma. Chuma kilichomo katika mimea hufyonzwa na mwili kwa shida zaidi kuliko kile cha nyama. Hata hivyo, vitamini C hurahisisha ufyonzaji huo, kwa hivyo chungwa, embe, nyanya mbichi au tone la ndimu juu ya maharagwe lina kazi kubwa kuliko ladha. Kinyume chake, chai inayonywewa pamoja na chakula hukizuia chuma kisifyonzwe. Ni busara kusubiri saa moja au mbili. Kuroweka kunde kabla ya kuzipika, na kuuacha uji uchachuke, hupunguza pia viambato vinavyozuia ufyonzaji wa madini.

La tatu ni vitamini B12, ambayo haipatikani kwa kiasi cha kutegemewa katika mmea wowote wa kawaida. Mtu mzima huhitaji takriban mikrogramu 2.4 kwa siku. Ini huweza kuihifadhi kwa miaka kadhaa, na hapo ndipo pana mtego: aliyeacha nyama hujiona mzima mwaka wa kwanza na wa pili, kisha ganzi ya vidole, uchovu na upungufu wa damu humjia baadaye, hali amekwisha kusahau chanzo. Anayeendelea kutumia maziwa na mayai anaweza kuipata humo. Asiyetumia chochote kitokacho kwa mnyama hana budi kutumia tembe au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mzazi wa mtoto mdogo wanapaswa kupata ushauri wa mtaalamu wa lishe kabla ya kubadilisha mlo.

La nne ni mboga zenyewe. Kenya ina hazina ya mboga za kienyeji ambazo kwa muda mrefu zilidharauliwa kama magugu. Mtu aliyefanya bidii kubwa kuzirejeshea heshima ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ambaye mwaka wa 2014 alitunukiwa Nishani ya Edinburgh kwa kazi yake. Amesimulia hadharani kuwa utotoni mwili wake haukuvumilia protini za wanyama, akalelewa kwa mboga za kienyeji zilizopikwa nyumbani kwao magharibi mwa Kenya. Jambo lililoonekana kuwa kasoro lilimpa swali la kitaaluma la maisha yake. Utafiti wake na wa wenzake umeonyesha kuwa mchicha, mnavu, mgagani, kunde na mlenda vina madini na vitamini kwa wingi, mara nyingi kuliko kabeji.

Hapa pana funzo kwa wanafunzi wa lugha. Majina mnavu na mgagani yamo katika kamusi, lakini ni wachache sokoni wanaoyatumia. Mama mboga wa Nairobi huuza managu kwa jina la Kikuyu, ambayo Waluo huita osuga na Wakisii rinagu. Mgagani huitwa chinsaga na Wakisii, dek na Waluo, na tsisaka na Waluhya. Kwa njia hii mboga za kienyeji zimehifadhiwa na lugha za kienyeji, na Kiswahili sanifu kimebaki nyuma ya kikapu. Vilevile mapishi yake hutofautiana: Wakalenjin na Wakisii huzitia maziwa ili kupunguza uchungu, na Waluhya hutumia majivu ya mimea yaliyochujwa. Mwacha asili ni mtumwa, na katika suala hili anayeacha nyama huweza kuwa ndiye anayeirudia asili, kwa kuwa meza ya bibi yake ilijaa majani na kunde siku nyingi za juma, huku nyama ikiwa ya sherehe.

Kukataa

Ni katika sherehe hizo ndipo kuacha hugeuka kuwa kukataa. Nyama katika jamii nyingi za Kenya ni lugha. Fungu analopewa mtu huonyesha umri wake, jinsia yake na nafasi yake katika ukoo. Katika ndoa ya kimila ya Wakikuyu, kilele cha sherehe ya ngurario ni kukatwa kwa kiande, yaani bega la mbuzi, na wapo wanaoshikilia kuwa pasipo kitendo hicho ndoa haijakamilika. Mbele ya mahakama za Kenya pia, ngurario imetajwa mara kadhaa kama ushahidi wa kuwepo kwa ndoa ya kimila. Bwana harusi au bibi harusi asiyekula nyama hajikuti mbele ya chakula tu. Yuko mbele ya hati inayotiwa sahihi kwa kisu.

Vivyo hivyo mwana anayerudi nyumbani kutoka chuoni. Mzazi aliyeuza mbuzi kulipa karo, kisha akamchinja aliyebaki kumlaki mwanawe, hasikii sauti ya sayansi ya lishe mwanawe anapouondoa mkono kwenye sinia. Husikia kuwa elimu aliyoigharamia imemfundisha mwanawe kuikataa meza ya nyumbani. Uchungu huo ni wa kweli na hauondolewi kwa hotuba.

Wahenga walilitatua tatizo hili waliposema kuwa mtu hakatai mwito, hukataa aitiwalo. Mwito ni undugu, aitiwalo ni mnofu. Aliyeacha nyama anaweza kuuitikia mwito kikamilifu: afike mapema, akate kuni, akoroge ugali, akate kiande iwapo mila inamtaka akate, aketi na wazee hadi mwisho, na ale kilichopo kisicho nyama. Ni vyema pia ataarifu kabla ya mnyama kuchinjwa, maana taarifa itolewayo mbele ya sinia huwa ni fedheha kwa mwenyeji, ilhali ile itolewayo juma moja kabla huwa ni ombi tu. Tena aombe kwa unyenyekevu: mama, msinichinjie, naomba zile kunde zako. Mama huyo atakuwa amesifiwa kwa upishi wake, na hajakataliwa.

Suala la nani apikaye nalo halina budi kutajwa. Katika nyumba nyingi jiko ni mzigo wa wanawake. Kijana wa kiume atangazaye kuwa haili nyama tena, kisha akangoja dada yake amtelekee sufuria ya pili, amejinunulia wema kwa jasho la mwenzake. Uamuzi wa mlo ukiwa wa hiari, basi na kuroweka maharagwe usiku uwe wa hiari yake.

Kukataa kwa aina nyingine ni kuwahukumu wale ambao hawawezi kuacha. Takriban asilimia 80 ya ardhi ya Kenya ni kame au nusu kame. Kwa Waturkana, Wasamburu, Waborana na Wasomali, sehemu kubwa ya ardhi hiyo huotesha nyasi na vichaka ambavyo binadamu hawezi kuvila, lakini ngamia, mbuzi na ng'ombe huvigeuza kuwa maziwa na nyama. Ukame wa mwaka wa 2020 hadi 2023 uliangamiza zaidi ya mifugo milioni 2 katika maeneo hayo, na pamoja nao chakula, karo na mahari. Mfugaji huyo akiambiwa kuwa nyama ni anasa yenye kuharibu dunia, ana haki ya kushangaa. Mwenye duka la mboga chini ya nyumba yake anaweza kuchagua. Aliye umbali wa siku mbili kutoka kwenye kisima hawezi.

Jina la Asiyekula Nyama

Tatizo la mwisho ni la istilahi. Kiswahili hakijakubaliana jina moja la mtu huyu. Wapo wamwitao mlamboga, lakini kwa maana ya Kitanzania ya mboga neno hilo huweza kumjumuisha hata mla nyama. Wapo wamwitao mlamajani, istilahi ambayo katika vitabu vya sayansi hutumiwa kwa swara na mbuzi, na inayochekesha inapomwelekea binadamu. Wengine husema asiyekula nyama, maelezo yaliyo sahihi lakini yanayomtambulisha mtu kwa kile asichokifanya. Kwa yule aepukaye hata maziwa, mayai na asali, neno vegani limeanza kutumika kwa kutoholewa.

Pengine ukosefu wa jina si ajali. Jamii ambayo karibu kila mtu alikula mimea siku nyingi na nyama siku chache haikuhitaji jina la kumtenga yeyote. Jina limehitajika sasa kwa kuwa, mijini angaa, nyama imetoka kwenye nafasi ya kitoweo ikawa chakula chenyewe, na choma ya Jumamosi imekuwa na kachumbari kidogo na ugali kidogo wa kuisindikiza. Aliyebadilika si yule anayerudi kwenye kunde peke yake. Sinia nayo imebadilika.

Hitimisho

Makala haya yamebainisha kuwa kuacha nyama ni uamuzi unaoweza kutetewa, bora usichanganywe na jirani zake wawili. Usichanganywe na kukosa, kwa maana aliyekosa anahitaji kuongezewa, na aliyeacha asipokuwa na maarifa atadhoofika kama aliyekosa. Usichanganywe na kukataa, kwa maana undugu ni mpana kuliko sinia. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu hapa: kuyarejesha sokoni majina ya mboga zilizomo kamusini, kuyaingiza kamusini yale yaliyomo sokoni, na kumtafutia asiyekula nyama jina lisilomdhihaki.

Na yule mgeni wa methali? Akitaarifu mapema kuwa yeye atakula kunde, na mwenyeji akachagua kuchinja hata hivyo kwa ajili ya furaha ya siku hiyo, fungu la mgeni halitapotea. Litawaendea watoto waliokuwa wakingoja mlangoni, ambao hawajaacha chochote bali wamekosa tu. Nao ndio wenyeji waliostahili kupona.